Zamu ya Nyumba Yetu

San Jacinto del Cerro,
Januari

Kaka yangu mpendwa Nicandro,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, huko kaskazini kwenye mashamba ya watu. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, ila ulimi wake una afya tele.

Najua umekosa usingizi tangu usikie kwamba mkutano wa mji umekuchagua kuwa mlinzi mwaka mzima bila malipo, kama alivyokuwa Baba. Ungekuja, usingeweza kuvuka mpaka tena kurudi kazini. Na usingekuja, desturi unaijua: nyumba isiyotoa mtu wa zamu hufutwa kwenye orodha ya mji na kunyimwa makaburi yake, na Mama asingezikwa kando ya Baba. Hata tamale za Krismasi, mahindi na nyama anavyovipenda, Mama hakuzigusa kwa wasiwasi.

Basi tulia, kaka. Yamekwisha, tena vizuri.

Kwenye mkutano don Odilón, mkuu wa halmashauri, aliuliza nani atasimama kwa niaba yetu. Mjomba Fidencio akacheka, akasema kwetu wamebaki wanawake watupu, labda tumtoe bata mzinga. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama akainuka na mkongojo wake. “We Fidencio, zamu yako ulilewa mezcal mpaka mbuzi wa kanisa wakaibiwa. Bata mzinga angalau angepiga kelele.” Don Odilón alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha akauliza tena.

Sasa nikwambie nililokuficha kwenye simu: nilisimama mimi. Wazee walibishana mpaka mishumaa ikawashwa, kwani hapa mwanamke hajawahi kushika rungu la mlinzi. Mwishowe wakakubali, nami nikalipokea. Wiki hiyohiyo nikamfungia mahabusu Mjomba Fidencio kwa ulevi. Aliniita mpwa wake kipenzi, nikampa kahawa, ila mlango sikufungua.

Mama sasa anakula na kulala. Anasema anaweza kufa wakati wowote, ila kwa sasa hana haja.

Orodha ya zamu imebadilishwa, kaka. Mwenye nyumba yetu ameandikwa Hermelinda. Huitwi tena na mtu yeyote. Kwa hiyo siku ukija, tutajua umekuja kwa kuwa umetukumbuka.

Mama anakusalimu sana na kukubariki. Wasalimie unaoishi nao.

Mimi dada yako akupendaye,
Hermelinda, mlinzi wa mji