Siku Mtani Wetu Alipovua Kola

Newala,
4 Septemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu, Mama Awadhi,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini Mwanza ni mbali na mimi ni mzee, nimeona niitikie mapema. Hujambo wewe na watoto? Goti lako je? Langu limepata nafuu tangu nilipoacha kulisikiliza. Mikorosho imechanua vizuri, na maji ya bomba yanakuja siku yanapojisikia.

Sasa habari yenyewe. Unamkumbuka mjukuu wangu Hamida, uliyekuwa unambeba mgongoni ulipokuja kwenye matanga ya wifi yako? Anacheza gofu. Pale Masasi, chini ya majabali, wanunuzi wa korosho wamejitengenezea uwanja. Watu wazima na akili zao wanapiga kijipira kwa fimbo, kisha wanaanza kukitafuta. Majani yao yananyweshwa maji kuliko sisi huku.

Hamida alikuwa akiwabebea mifuko ya fimbo, anaingilia mlango wa jikoni. Wakishaondoka, naye anapiga, mpaka akawa anawashinda. Jumapili yalikuwa mashindano ya wote, hata wabeba mifuko: mshindi anakuwa mwanachama, anapita geti kubwa.

Nikavaa kanzu yangu ya Idi, viatu nikavipiga kiwi, nikapanda basi. Getini nikamkuta mwenyekiti wao, Cecil, mtoto wa marehemu Bartholomayo wa Lulindi. Ukoo wao na wetu ni watani, unajua. Baba yake ndiye aliyelala njiani mbele ya jeneza la baba yetu, akakataa lisipite mpaka tulipompa jogoo.

"Shikamoo, Mzee Alfani," akasema. "Humu haingii mtu bila kola. Kanzu haina kola."

"Hata ya Idi?"

"Hata ya harusi. Sheria niliiandika mwenyewe."

Hamida aliponiona nimezuiwa akaja, akaiweka fimbo chini. "Babu asipoingia, sichezi." Nikamwambia aache kunifanya kisingizio cha kushindwa. Hakucheka. Mama yake unamjua: wote wawili wakishasema, wamesema.

Basi nikamtazama Cecil. Tisheti nyeupe, kola imesimama kama masikio ya mbuzi. Nikaishika mbele ya wageni wake wote. "Mtani, hii nimeichukua."

Kitu akikishika mtani, humnyimi. Lakini wageni wake wa Dar walidhani mzee karukwa na akili, na Cecil angesema neno moja tu mlinzi angenitupa nje. Akawatazama wageni wake, akanitazama mimi. Kisha akacheka, kicheko kile kile cha baba yake, akavua.

"Chukua, mla panya wewe."

"Panya wenyewe niliwaiba kwenu," nikamjibu.

Kanzu nikaichomekea ndani ya suruali, tisheti juu, tumbo likawa kama nimemeza mto. Nikaingia. Mlinzi akamfungulia Cecil naye apite, mwenyewe akakataa. Alibaki na singlendi, na singlendi haina kola. Akasimama nje ya waya, juani, mwenyekiti mzima. Mdogo wangu, nimewacheka wenye pesa maisha yangu yote, lakini yule nilimheshimu.

Hamida akashinda. Kijipira cha mwisho kilizunguka mdomo wa shimo kama mgeni anayeona haya kupiga hodi, kikaingia.

Sasa kadi ya uanachama hutolewa na mwenyekiti, na mwenyekiti yuko nje. Ikabidi wote wenye kola zao watoke kumfuata getini, Hamida mbele, jikoni nako wapishi wameacha moto kuja kuona. Cecil akamkabidhi kadi, singlendi imemganda mgongoni, akasogea pembeni.

"Karibu ndani, mwanachama."

Hamida akapita geti kubwa polepole, wala hakugeuka kututazama.

Nisalimie shemeji Nurdini, Awadhi na mkewe. Dadi wa jirani anakusalimu, na Hamida anakuamkia. Mungu akutunze, akupe riziki na usingizi mzuri.

Wako akupendaye hata usipoandika,
kaka yako,
Alfani