Jinsi Mama Alivyofika Chiwanda kwa Pikipiki

Kijiji cha Matiri,
Mbinga.
4 Oktoba, 1998

Mpendwa Kaka Izidori,

Shikamoo kaka. Nakuandikia nikiwa na afya njema na mguu mmoja wenye bandeji, ambao nao nitaueleza mbele. Joto la Tabora mwezi huu limewafanyaje? Kifua cha wifi Edina kimetulia? Na Hildegardi, bado anasoma usiku mpaka mafuta ya taa yanaisha? Nawawaza wote, hata yule paka wenu mwizi.

Huku nyumbani hatujambo. Mahindi yamo ghalani, kahawa yote imeshaondoka, na mashimo ya ngolo kwenye miteremko ya shamba yanangoja mvua. Mama ni mzima. Nasema tena ili unisikie vizuri: Mama ni mzima, anakula, anagombana na kuku wa jirani, na leo amepanda mlima kwenda Misa kwa miguu yake. Shika hilo mkononi unaposoma yanayofuata.

Najua barua ya Florian imenitangulia. Yule binamu yetu hakuwepo, kaka. Yuko Songea, ameandika alichookota kwa watu waliotoka soko la Mbinga, na katika soko la Mbinga Mama ameshavunjika miguu yote miwili na mkono mmoja. Mimi nilikuwepo. Tena mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha.

Barua yako ya Julai niliipata. Uliandika kwa herufi kubwa, ukapiga na mistari miwili chini, kwamba Mama asipandishwe pikipiki ya mtu yeyote. Nilimsomea Mama neno kwa neno. Sikushangaa uliyoyaandika. Kwa namna tulivyompoteza Valence njia ya Ukata, mdogo wako na kaka yangu, nani angekulaumu? Watu watatu kwa pikipiki katika vumbi, wamebanana, wa kwanza akasimama ghafla kwa sababu ya mbuzi, Valence akamgonga akaanguka, na wa tatu akampita juu. Miaka miwili sasa, na bado nikisikia pikipiki mbili zinafuatana karibu karibu, natoka nje kutazama.

Lakini harusi ya Anjela ilikuwa ya Anjela wa Valence, na Mama, bibi yake, alishasema atamkabidhi mwenyewe kwa wakwe. Ndoa ilifungwa hapa parokiani Jumamosi, ikapendeza sana. Henry, bwana harusi, akarudi kwao Chiwanda Jumapili kuandaa mapokezi. Jumatatu lori lije litubebe sisi wa kumpeleka bibi harusi. Usiku wa Jumapili daraja la miti kule chini kuelekea ziwani likavunjika, lori likabaki ng'ambo. Pikipiki inapita juu ya magogo mawili yaliyobaki, gari haliwezi. Na wakwe walikuwa wameshachinja.

Unajua tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua kahawa, pikipiki huku si jambo la kushangaza tena. Tulipata saba kabla jua halijachomoza. Yangu ya idara ya kilimo, ya Raimundi mtoto wa mama mdogo, ile Honda ya parokia inayoendeshwa na katekista Mzee Placidi, na nne za wanunuzi wa kahawa, wakiongozwa na Kilian, ambaye unamkumbuka kwa kelele zake.

Hapo ndipo dada yako alipowakera wanaume. Walikuwa wameshajipanga wawili wawili, bibi harusi katikati, kama maandamano ya Ekaristi. Kwa heshima, walisema. Nikawaambia barabara yetu ina alama mbili za magurudumu na korongo pembeni, na wawili wakienda sambamba, mmoja akikwepa shimo anamsukuma mwenzake korongoni. Kilian akauliza tangu lini bibi shamba anafundisha watu kuendesha. Nikamjibu tangu serikali iliponipeleka kwenye mafunzo wiki tatu, wakati yeye alifundishwa na shemeji yake nusu saa kwenye uwanja wa mpira. Wenzake walicheka, nami nikapata nafasi ya kusema.

Nikawapanga kwa mawe juu ya udongo. Wa kwanza anashika alama ya kulia, wa pili ya kushoto, wa tatu ya kulia, mpaka mwisho, ili kila mtu awe na uwazi mbele yake. Kwenye kona na miteremko tunaingia mstari mmoja. Taa zote ziwake ingawa ni mchana, na kila mmoja amwangalie kwenye kioo anayemfuata. Asipoiona taa yake, apunguze. Hakuna kupitana. Mimi na Mama mbele, wa pili Raimundi na Anjela kwa kuwa Raimundi hajakomaa sana, wa tatu Kilian, na wa mwisho Mzee Placidi, maana ndiye aliyeendesha miaka mingi kuliko sisi wote na hana haraka na lolote duniani.

Ikabaki nafasi kati ya mtu na mtu. Mafunzoni tulihesabu sekunde, lakini huku nani anahesabu sekunde? Mzee Placidi ndiye aliyetoa dawa. Aliye mbele akipita mti au jiwe fulani, wa nyuma yake aanze Salamu Maria moja moyoni. Akifika kwenye ule mti kabla ya Amina, amekaribia mno, alegeze mafuta. Wote wakaridhika. Nami nikaona tumemaliza.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumpandisha Mama. Alitaka kukaa upande kama wanawake wanavyokaa kwenye baiskeli. Nikakataa. Tukabishana, mwisho akaingia ndani akatoka amevaa suruali ya marehemu baba chini ya kitenge, amefunga kwa kamba ya katani, na juu ya kilemba kofia ngumu ya padre. Anjela alicheka mpaka poda ikamwagika. Mama alipanda kama mtu aliyezaliwa juu ya pikipiki, akanishika kiuno kwa nguvu ambazo sijui mwanamke wa miaka sitini na minane amezitoa wapi.

Mpaka Mbinga mjini tulikwenda vizuri. Baada ya hapo jua likawa kali na vumbi likawa unga. Nikaanza kuona kwenye kioo taa ya Kilian imegandana na ya Raimundi. Nikapunguza, ikaachana kidogo, ikagandana tena. Tulipofika kwenye chemchemi ile ambapo barabara inaanza kushuka kwenda ziwani, niliinua mkono tukasimama wote.

Kilian aliapa kwamba kila mara anafika Amina kabla ya jiwe. Nikamwambia aisali kwa sauti. Kaka, aliimaliza kwa pumzi moja! Unajua rozari za jumuiya zetu zinavyosaliwa ikifika fungu la tano na watu wana njaa. Kiongozi hajamaliza nusu yake, wengine wameshaanza nusu yao. Basi hivyo ndivyo alivyokuwa akipima. Nikawajaribu wengine mmoja mmoja, na isipokuwa Mzee Placidi, wote walikuwa wa fungu la tano. Tulikuwa tumekwenda nusu ya safari kwa vipimo sita tofauti, na aliyekuwa amebanwa kuliko wote ni Anjela.

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe anakunywa maji. Akasema wasimame wasali wakimfuata yeye. Mama anasali kama alivyofundishwa na masista akiwa msichana, kila neno linasubiri lenzake litue. Aliwasalisha mara tano, wanaume wazima wenye miwani ya jua, wamesimama kando ya barabara, na kila aliyekimbia alianzishwa upya. Nilitamani ungekuwepo. Tulipoondoka hakuna aliyecheka tena, na nilipotazama kioo, taa zilikuwa zimeachana mbali hata nikadhani wawili wamepotea.

Sasa nakuja kwenye kosa, na kosa ni langu. Nilifurahi mno na kazi yangu. Katikati ya mteremko nilikuwa naangalia kioo kuliko barabara, navutiwa na zile taa zilivyojipanga. Kwenye kona kulikuwa na changarawe na jiwe la ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Nililiona nimeshalifikia. Nikakanyaga breki vibaya, gurudumu la nyuma likateleza, tukalala chini.

Hatukuwa kwenye mwendo mkali. Lakini pikipiki ililalia mguu wangu, na Mama alikuwa kifudifudi katikati ya barabara, hatua mbili kutoka nilipo, katika njia ileile ambayo Raimundi alikuwa akija. Vumbi letu wenyewe lilikuwa limefunika kona. Sikuona kitu. Nilisikia injini tu, inashuka. Kaka, nilimwona Valence. Nilivuta mguu haukutoka. Nilimwita Mama asogee, mdomo ukawa umejaa vumbi. Nikaanza Salamu Maria, na safari hii sikuwa napima nafasi ya mtu.

Sikufika Amina. Nilisikia Raimundi anashusha gia, kisha injini yake ikazimika. Ikazimika ya pili. Nikaacha kusali nikawa nahesabu. Ya tatu, ya nne, ya tano. Kukawa kimya muda mrefu kuliko unavyoweza kufikiri, halafu ile Honda ya Mzee Placidi ikaja inakohoa taratibu, nayo ikazimika. Sita.

Vumbi lilipotulia, Raimundi alikuwa amesimama hatua kama ishirini kutoka alipolala Mama, na Kilian nyuma yake kwa nafasi ambayo ng'ombe wangeweza kupitishwa. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Kilian ndiye aliyefika wa kwanza kunitoa chini ya pikipiki. Aliisimamisha kando, kisha akaenda kuliviringisha lile jiwe korongoni. Angeshuka na kile kipimo chake cha asubuhi, angemsukumia Raimundi na Anjela juu ya Mama. Analijua hilo, na mimi nalijua.

Mama aliinuka mwenyewe. Goti limechubuka, kiganja kimechubuka, basi, hayo ndiyo majeraha yake yote. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mtoto yuko wapi?" Anjela akaja mbio na kitenge chake kipya, wakashikana, na bibi akawa anampangusa vumbi mjukuu ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kama amegaagazwa kwenye majivu.

Niliamua Mama arudi. Nilimwambia Kilian amrudishe Mbinga polepole, alale parokiani, nasi tutamaliza safari bila yeye. Niliona barua yako mbele ya macho yangu, na ile mistari miwili. Mama alikuwa anajifunga upya kamba ya suruali. Hakuinua hata kichwa.

"Izidori alikataza nisipande," alisema. "Nimeshapanda. Nimeshaanguka. Kilichobaki ni kufika."

Akapanda nyuma yangu. Mguu ulikuwa unaniuma sana lakini nilijua naweza, na niliendesha nikitazama barabara. Tulivuka yale magogo kwa kusukuma pikipiki moja moja, Mama akishikwa mkono na Mzee Placidi. Chiwanda tuliingia saa kumi alasiri, taa saba zinawaka, kila mmoja na nafasi yake, na watu wa kule wanasema waliona msafara wetu unakuja kwa muda mrefu kabla haujafika.

Wakwe walitupokea kwa ngoma na vigelegele, wakatandika mikeka, wakaleta maji. Samaki wa ziwani, mbasa, walikuwa wameshakaangwa. Walimwomba Mama aketi kwanza apumzike. Hakuketi. Alisimama na suruali ya baba inachungulia chini ya kitenge, goti lina damu iliyokauka, akamshika Anjela mkono mpaka ngoma ikanyamaza yenyewe.

"Mimi ni mama yake Valence," aliwaambia. "Mwanawe huyu hapa. Nimemleta."

Kaka, tangu tulipomzika sijamsikia Mama akilitaja jina hilo. Wala wewe hujamsikia. Alikuwa akisema "mwenzenu" au "yule aliyetangulia". Alilitaja mbele ya watu wageni, kwa sauti ile aliyowasalishia wanaume, pasipo kuharakisha. Nililia mpaka nikaona aibu, na nilipogeuka nikamkuta Kilian naye analia.

Sikuandikii ili unisamehe kwa haraka. Kukaidi nimekaidi, na kuanguka ni uzembe wangu. Kama una hasira zilete kwangu, nitazipokea. Kwa Mama usiandike neno la ukali, kwa sababu anafurahi, na ni muda mrefu sijamwona hivyo.

Msalimie wifi Edina, umwambie kitenge alichomtumia Anjela ndicho alichokivaa safarini, na vumbi limetoka lote. Msalimie Hildegardi, shangazi yake anamkumbuka. Raimundi anawasalimu. Mzee Placidi amesema anawaombea, na huyo akisema anaomba ujue anaomba polepole. Anjela na Henry wanakutakia heri baba yao mkubwa, na wanaomba baraka yako.

Mama amekaa hapa karibu yangu ninapoandika. Anakusalimu sana. Ameniomba jambo moja, nami sijamkubalia bado. Anataka nimpeleke njia ya Ukata, mpaka pale pale, akasali. Hajawahi kufika mahali hapo, na wewe pia hujafika. Uliondoka siku ya pili baada ya mazishi. Nimemwambia kwamba mara moja imetosha kukukaidi, na kwamba pale hatutakwenda bila wewe. Amekubali kungoja. Njoo Krismasi, kaka. Mama atakaa nyuma yangu, na Raimundi atakuazima pikipiki yake. Utatufuata kwa nafasi, nami nitakuwa nikiiona taa yako.

Mungu akutunze uendako na urudipo.

Dada yako akupendaye,
Gaudiosa