Moduli Zisizopiga Hodi

Jumatatu, 8 Machi 1999

Nimekutupa tangu Krismasi, shajara yangu, uniwie radhi. Nilikuwa na mengi, sikuwa na utulivu wa kuyaandika. Utulivu bado haupo, lakini nisipoandika nitazunguka sebuleni mpaka mkeka utoboke.

Agnella, binti yangu, amepata nafasi ya masomo Nairobi. Ataondoka baada ya Pasaka – iwapo ofisi itamruhusu. Tangu mama yake afariki tumebaki wawili. Sasa itakuwa mimi na redio.

Nilimpongeza. Kwa sauti kavu, nadhani.

Jumanne, 9 Machi

Ofisini. Tangu nistaafu ualimu kazi yangu ni kusahihisha Kiswahili cha kurasa za kompyuta, zile ambazo makarani hujazia habari za kaya na vyandarua. Programu yenyewe aliitengeneza Agnella. Zamani kila moduli mpya, yaani kila kipande cha kazi, ilibidi aiandikishe mwenyewe ndani ya programu ndipo itambuliwe. Sasa amebadili. Moduli ikiwekwa tu kwenye folda, programu ikiwashwa asubuhi huipekua folda, huikuta na kuipakia. Haimwulizi mtu!

Nilimwuliza sababu. Akasema wenzake wa Mlimba wataweza kuongeza moduli zao bila kumngoja ashuke kwenye treni. Yaani hata asipokuwapo.

Sikupendezwa. Mgeni wa nyumbani kwangu hupiga hodi.

Alhamisi, 11 Machi

Balaa. Amekuja Mashimba, mgawaji wetu wa vyandarua kule Namawala. Shikamoo yake ilikuwa fupi. Kaya zote za wafugaji zimetoka katika ratiba yake, kompyuta inadai zimehama. Wiki nzima amezipita. Watoto wanalala bila chandarua, na mvua hizi!

“Mwalimu, mnasema kaka yangu kahama,” aliniambia. “Jana nimekula ugali kwake, na ng’ombe wake wananikodolea macho.”

Makarani walicheka. Mimi sikucheka.

Chanzo kilijulikana kabla ya chai. Hilari, msaidizi wa Agnella, alikuwa akiandika moduli ya wafugaji wanaohamahama. Hakuimaliza. Aliihifadhi kwenye folda, akaenda msibani Kiberege. Programu ikaikuta, ikaipakia. Kila kaya yenye ng’ombe ikahesabiwa imehama. Mimi sikuwa nimeisoma hata neno moja.

Agnella aliiondoa, akamwomba Mashimba radhi, akaingia garini na vyandarua, wakaondoka pamoja. Amerudi na matope hadi magotini. Hakujitetea.

Ijumaa, 12 Machi

Bwana Damiani, mkuu wetu, ameniita. Anataka neno langu, kwa kuwa mimi ndiye msomaji wa moduli: turudie njia ya zamani, au tuiache programu ijitafutie? Kisha akaongeza, huku akichezea funguo, kwamba tukiirudia ya zamani Agnella hataweza kuachiliwa. Hakuna mwingine anayeijua.

Nilifungua kinywa nimjibu palepale. Ya zamani, bila shaka!

Nikamwomba anipe hadi Jumatatu. Jibu lilikuja haraka mno. Na lilikuwa tamu.

Jumapili, 14 Machi

Nimetoka misani. Nimefagia uani, kisha nikaufagia tena.

Wakati wa chakula Agnella alinieleza dawa aliyoipata. Programu iendelee kuzitafuta moduli yenyewe, lakini isipakie ila ile niliyoisoma na kuipa idhini. Nyingine zote zikae nje, zingoje.

Ni dawa nzuri. Sikuiona kasoro, nikatafuta. Na mimi nikiugua? Akasema Konsolata, karani mkuu, atasoma badala yangu. Na Hilari akisahau tena? Akisahau, moduli yake itangoja nje. Na kama –

Aliweka kijiko chini.

“Baba, unaikataa programu au unaikataa safari?”

Nilimwambia mchuzi umezidi chumvi. Haukuzidi.

Aliondoa vyombo, akaingia chumbani. Nasikia zipu ya begi ikifunguliwa, ikifungwa, ikifunguliwa tena. Kesho Bwana Damiani ataniuliza. Nikishakata shauri nitaandika. Kabla ya hapo sitaigusa kalamu.