Kona Yako ya Shamba la Busiu

Atim mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Walukuba. Baba yako hajambo, goti tu linamsumbua, na akiamka bado anapiga kiatu chini kama askari wa gereza aliye kazini, mstaafu mzima. Mdogo wako Sara hajambo, anavaa lile koti lako la bluu mpaka limechanika kwapani, nami sikumkataza. Bibi yako kule Mbale hajambo, macho ndiyo yamechoka, ulimi hapana. Mama Zaituni jirani hajambo, anakaanga chapati barazani kama zamani. Ijumaa huleta moja ya ziada, halafu anakumbuka. Hata yule kuku wako mwenye shingo tupu hajambo. Mimi... mimi nipo.

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha kambi. Unajua nilivyokionea aibu. Watu husema ni lugha ya askari, ya kuamrishia na kutishia. Lakini baba yako ni mtu wa kabila la Lango, mimi Mgisu, tungelea mtoto kwa lugha gani?

Wewe ndiye uliyeniondolea hiyo aibu. Ule mwaka wako wa mwisho chuoni, uliporudi na vitabu vya wanawake wa Meksiko, na vya wenzao waliozaliwa upande wa Marekani, wale wanaojiita Chikana. Mimi nachambua maharage, wewe unasoma na kunigeuzia kwa Kiswahili. Ulisema hao wanachanganya lugha mbili katika sentensi moja na hawaombi mtu msamaha. Nikakuuliza kama wana mama mkwe. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Wanao, Mama, tena wakali!" Ukasema mawazo hayo yanaitwa ufeministi, nikadhani ni kanisa jipya, nikaogopa utaacha kusali.

Hadithi moja iliniingia. Mwanamke yuko jikoni anasaga mahindi, na wanaume sebuleni wanapatana juu yake, naye anasikia yote kupitia ukutani. Nikasema, huyo namjua. Ukafunga kitabu. Ukaniambia kazi yako ya chuo, ya sheria ya mikataba, imetoka jikoni humo humo. "Sheria inataka kujua kama umekubali, Mama. Nani anauliza kama ungeweza kukataa?" Ukataka kujua kwa nini mimi kila mara natia sahihi chini kabisa, kwa mashahidi, kwenye karatasi za shamba ninalolilima mwenyewe. Nikajibu ndivyo tunavyofanya. Ukasema, "Shahidi habadili neno. Anatazama tu."

Sikukujibu, maana maharage yalikuwa yanachemka. Leo nakujibu.

Baba yako ameamua kulikodisha shamba la Busiu kwa Hajji mmoja, mfanyabiashara wa Malukhu, apande mahindi. Nilikubali. Goti lile halishiki jembe tena, na mimi peke yangu siliwezi lote. Tukakaa kwa mwenyekiti wa kijiji, wanaume kwenye viti, mimi mkekani. Katibu akaandika mkataba kwa Kiingereza, baba yako akatia sahihi, kisha katibu akaninyooshea kalamu. "Mama Atim, wewe hapa chini, na mashahidi."

Nikaishika. Nikasikia sauti yangu inaomba nisomewe kwanza, kwa Kiswahili. Katibu akacheka, "Mama, ni maneno ya kawaida tu." Hajji akamwambia, "Msomee." Akasoma: shamba lote, kutoka barabarani mpaka kijitoni, na vyote vilivyomo.

Vyote vilivyomo. Atim, wewe umo.

Nikaona trekta inapita juu ya ile migomba tuliyopanda kichwani pako. Usimlaumu baba yako. Si kwamba hakujali. Tangu tukuzike hajafika ile kona hata mara moja. Akienda Busiu anazungukia upande wa barabara. Alilisahau kaburi kwa sababu hawezi kuvumilia kulikumbuka.

Nikasema sitii sahihi kama shahidi. Nikasema mimi ni mwenye shamba. Baba yako akaniambia polepole, "Mama Atim, unaniaibisha mbele ya watu." Mwenyekiti akapiga utani, "Kumbe Afande naye ana mkubwa wake!" Wakacheka. Kalamu sikuirudisha. Nikasema kona ya mtoto isikodishwe, na njia ya kwenda kwake iachwe.

Baba yako akainuka, akatoka nje. Alisimama uani muda mrefu, uso umeelekea kule kwako. Mimi nilidhani ndoa imeisha. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akamwambia katibu kwa ile sauti yake ya gwaride, "Andika upya. Mweke juu, karibu na mimi." Hajji akasema, "Mimi nakodi shamba, Afande, sikodi mtoto wa watu. Iandikwe hiyo kona."

Basi katibu akauliza jina langu. Wakatazamana! Miaka yote Mama Atim, Mama Atim, hakuna aliyejua lingine. Nikalitaja mwenyewe. Baba yako akageuka kama vile ameingia mgeni.

Hayo yameshapita, lakini bado sijatulia. Wenzako wa chuo wameniita. Kuna mawakili watakaa Malukhu kukusanya maoni ya kurekebisha sheria ya mikataba, na wanataka mama mmoja aseme. Mimi, mbele ya watu wenye tai! Usingizi umenikimbia. Ila nakuahidi nitakwenda. Nitasema yale uliyoyataka: mkataba usishike mpaka mwenye kutia sahihi asomewe kwa lugha yake, na anayelima asiwekwe na watazamaji. Nitasema kwa Kiswahili hiki hiki, na Kigisu kikiingia kati sitaomba msamaha. Nikikwama nitawasimulia habari ya yule mwanamke anayesaga mahindi.

Jambo jingine. Juzi baba yako alikwenda Busiu peke yake na kijembe kidogo. Aliporudi, suruali ilikuwa na udongo magotini, hata lile goti bovu. Nilimwekea chai.

Lala salama, mwanangu. Mahindi ya Hajji yameota, yamekuzunguka lakini hayakukugusa. Nitumie neno upesi, kabla ya siku ya Malukhu, hata ndotoni. Uniambie tu nivae gomesi ya kijani au ile ya njano.

Mama yako,
Nambozo