Herufi ya Kwanza ya Jina Lako

Kamwene, Fundi wangu, nakusalimu kama tulivyozoea.

Naogopa, na wewe ndiye niliyezoea kukuambia.

Tangu tukuzike, nafungua peke yangu banda letu la kuchorea hapa Makambako, uliponifundisha kazi. Mchana nachora vibao vya maduka, jioni picha zangu. Juzi alikuja yule mnunuzi wa picha kutoka Dar. Ndiye uliyempelekea picha zako figo zilipogoma, ukitafuta hela ya kusafishwa damu, akakujibu kwamba picha si dawa, mtu anaishi bila hiyo. Ulirudi umezifunga kwenye khanga ya mkeo, unacheka. Mimi sikucheka.

Sasa anazitaka zote. Nikamuuliza kumebadilika nini.

"Amekufa," akasema, kama anayetaja hali ya hewa. "Hatachora tena. Kisichoongezeka ndicho kinachopanda bei."

Yaani ungepona, zisingekuwa kitu?

Mkeo alikataa kumuuzia hata moja. Basi yule mnunuzi akageukia picha yangu, ile ya wachuma chai kwenye ukungu. "Unachora kama yeye. Weka jina lake hapa chini. Nani atajua?"

Fundi, sikukataa papo hapo. Nina uvimbe kwenye titi. Daktari wa Njombe amesema nisichelewe, nipasuliwe, na bima sina. Nilichovya brashi, nikaandika herufi ya kwanza ya jina lako. Ilitoka sawasawa kabisa na yako. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikaifuta kwa mafuta ya taa, nikamwambia aondoke.

Nilimweleza mkeo yote, hata ile herufi. Hakunigombeza. Aliinuka, akaishusha ukutani ile picha uliyomchora akiwa na mimba ya binti yenu Neema, akampigia simu yule bwana.

"Mama, hiyo hapana," nikamwambia.

"Yeye haikumtibu," akasema. "Wewe ikutibu, mwanangu."

Tulilia wote wawili, picha iko katikati yetu.

Jumatatu naingia chumba cha upasuaji. Naogopa kisu. Naogopa kutoamka. Na kuna woga mwingine, naona hata haya kuusema: kwamba nikifa, yule mtu atarudi bandani kuulizia picha zangu.

Nikitoka salama, nitamchorea mkeo picha ya kutundika kwenye ukuta ule uliobaki mtupu. Nitaichora kwa mkono wangu, si kwa wako. Nakuahidi.

Pumzika, Fundi. Mimi bado nataka kuishi.

Tumaini