Jina ya nkambo mu kaye ya Profesa

Kolwezi, Jumatano, mwezi wa saba. Baridi kavu, vumbi mpaka mu meno. Leo sikupika.

Nimekaa pa mulango, telefone mu mukono. Gracia anacheza na bizibo bya machupa pa mbele yangu. Mwenye kusoma hapa, unisamehe kama maneno haitakuwa na mupango. Masomo yangu ilikatikaka mapema, na mi si muntu wa kuandika muzuri. Lakini leo kama siandiki, nitapasuka.

Gracia eko na myaka sita. Njo mutoto yangu wa kwanza, na mpaka leo njo wa pekee. Tangu mwaka jana bivimbe bya rangi ya njano bilianza kumutoka: ku viungo bya vidole, ku viwiko, na nyuma ya miguu, pale juu ya kisigino. Infirmier, muuguzi wa kartié yetu, alinipa pomadi. Pastere akamuombea. Na mi mwenyewe, kila jioni, nilikuwa napasha mafuta ya mawese kidogo, namusugua polepole, naimba. Alikuwa anasinzia vile, mukono yake ndani ya yangu.

Nilikuwa naona njo kumupenda.

Leo asubuhi nikamubeba mpaka ku kituo cha afya, huku karibu na Kasulo, sababu kisigino ilianza kumuuma akitembea. Tulikuwa mu mustari inje wakati muzee moja alitoka na kikombe ya chai. Hakuniangalia mi. Alichuchumaa mbele ya Gracia, akakamata mukono yake, akaigeuza kama muntu mwenye kuchagua tomate ku soko, kisha akapapasa nyuma ya muguu.

"Usinikasirikie, mama," akasema. "Mu Kolwezi yote, mi peke yangu njo nasalimiaka bantu ku bisigino."

Bamama ba mu mustari bakacheka. Mi sikucheka. Nilimujua.

Huyu muzee ni profesa wa udaktari. Sasa amestaafu, anakuya tu kila Jumatano kuangalia bagonjwa. Maisha yake yote alitafutaka kitu moja: ule ugonjwa wa mafuta mu damu wenye muntu anazaliwa nao. Baba anaachia mutoto, mutoto anaachia mujukuu, na mafuta inaziba mishipa ya moyo wakati muntu angali kijana mwenye nguvu.

Bantu balimuitaka Profesa wa Bilio, juu alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakungojea bagonjwa. Akisikia kijana amekufa gafula, anaenda ku kilio. Alikuwa anasema familia yote inakutana pale tu. Anakaa na bazee, anakunywa chai yao, anapatia kila muntu mukono, na kwa kupatia mukono anapapasa viungo bya vidole. Anaangalia macho, kama kuna pete nyeupe kuzunguka nyeusi ya jicho. Kisha anafungua kaye yake, daftari ya kuandika majina, anauliza: nani alizaa nani?

Alikuyaka ku kilio ya baba yangu.

Nilikuwa na myaka kumi na mbili. Baba alikuwa anachimba cobalt hapa Kasulo, mu shimo ya chini ya nyumba ya jirani. Hakufia mu shimo. Alikuwa amekwisha kutoka, amekaa juani, anafungua viatu, akaanguka. Bandugu yake babili balikufaka vile vile, bote mbele ya kufikisha myaka arobaini. Kwa hiyo familia ilikuwa na swali moja tu, na haikuwa swali ya Profesa. Ilikuwa: nani anatukulia batoto kwa bulozi?

Profesa alikaa siku mbili na nkambo yangu Feza, mama ya baba. Ye peke yake njo alikuwa anajua majina yote, mpaka kule kaskazini kwenye balitoka. Nkambo anataja, Profesa anachora: muviringo kwa mwanamuke, muraba kwa mwanaume. Siku ya tatu akasimama katikati ya lupango, kiwanja ya nyumba zetu, mbele ya bantu bote ba kilio, akasema ugonjwa uko mu damu ya familia, batoto balipata kwa mama yao Feza, na mwenye kutaka apimwe.

Alisema kwa wema. Lakini siku ile, mu lupango ile, hakuna neno baya zaidi angesema.

Tata Mukubwa, mutoto wa kwanza wa nkambo, njo mwanaume peke yake mwenye alibakia. Akainuka. "Mumesikia? Munganga wa iniversite mwenyewe amemutaja." Profesa akajaribu kueleza, akarudia mara mbili, mara tatu. Moja akamunyanganya kisanduku ya damu yenye alikuwa amekwisha kukusanya kwa bamoja, mwingine akamuambia: "Profesa, kwako bantu bamekwisha kufa, mpaka unakuya kuhesabu ba kwetu?" Bakamusukuma mpaka ku barabara. Mawani yake ilivunjika.

Kisha bakaniita mi, juu asubuhi ya kufa kwa baba nilikuwa nyumbani. Bakaniuliza: chakula ya mwisho ya baba yako, nani alimupa?

Nikasema: nkambo. Bukari na sombe.

Ilikuwa kweli.

Sikusema kama baba alikuwa anashika kifua tangu wiki mingi. Sikusema kama alikuwa anasimama kupumua mara mbili mbele ya kufika ku bomba. Niliona yote hii kwa macho yangu. Hakuna mwenye aliniuliza, na mi nikanyamaza.

Bakamufukuza nkambo, akatoka na kikwembe moja ya kujifunga mu mukono. Alienda Nzilo, kwa bantu ba kuuzisha samaki. Jina yake ikakatazwa kwetu. Gracia alipozaliwa, kwa desturi yetu angebeba jina ya nkambo. Tukatafuta jina ya kanisa.

Sasa nafika ku kitu yenye imenikalisha hapa kuandika.

Leo Profesa alinieleza taratibu, mu kachumba kake kenye kunuka dawa. Akasema muntu mwenye kupata hii damu ku upande moja, kama baba yangu, bivimbe bingemutoka akiwa mukubwa. Mutoto mudogo namna hii mwenye kuvimba vile, karibu kila mara amepata ku pande zote mbili: kwa mama na kwa baba. Nikamuambia haiwezekani, bwana yangu Patrick si wa kwetu. Akaniuliza nkambo ya Patrick, mama ya baba yake, anaitwa nani. Nikasema Ngoie.

Akafungua kabati, akatoa kaye ya zamani, yenye jalada imekatika. Akapeleka kidole ku ukurasa. Hapo kulikuwa muviringo yenye jina Feza. Pembeni yake, kwa mustari moja tu, muviringo ingine: Ngoie, mudogo wake. Na chini ya Ngoie, jina ya baba mukwe yangu.

Damu moja. Ilikuwa imeandikwa mu kaye myaka hiyo yote, tangu mi nilikuwa bado mutoto wa kuruka kamba.

Wakati familia ya Patrick ilikuya kuniposa, bazee balikaa kama inavyotakiwa. Pale njo nkambo mwanamuke anasimamaka, anauliza ukoo: munatoka wapi, nani alizaa nani, ili aone kama damu zinakutana. Kwetu hakukuwa na mwenye kuuliza. Tata Mukubwa alisema, "Nyinyi ba kaskazini, shiye ba kaskazini, hii ni baraka." Bakapiga makofi. Nkambo Feza angekuwa pale, angemutaja mudogo wake mbele ya bia ya kwanza kufunguliwa.

Na mi nisingeolewa na Patrick. Na Gracia hangekuwa hapa na bizibo byake. Namuangalia, na siwezi kutamani hivyo. Siwezi. Basi uchungu hii niipeleke wapi?

Nilimuuliza Profesa kwa hasira: kwa nini hukurudi? Akacheka, lakini si kicheko ya furaha. Akasema alirudi mara mbili, bakamufungia mulango. Damu ya familia zingine, yenye alikuwa ameweka mu frigo ya labo, iliharibika, courant ya umeme ilikatika siku mingi. Aliandikia bantu ba mbali basaidie. Bakamujibu: kama ni Kolwezi, utuletee mambo ya vumbi na cobalt, mafuta ni ugonjwa wa bantu ba kushiba. Banafunzi wake bazuri balienda kuwa badaktari ba migodi.

"Kazi yangu yote, mama, iko mu hii kabati," akasema. Kisha akaangalia chini. "Na lile neno nilisema kwenu, nimelibeba mpaka leo. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha kama najua."

Nilitaka kumusamehe palepale. Haikutoka. Niko na hasira na ye. Niko na hasira na Tata Mukubwa. Na mi mwenyewe, zaidi.

Gracia amepewa vidonge. Patrick na mi tutapimwa. Profesa hakunidanganya: vidonge bitapunguza mafuta, habitamaliza, na tutaenda Lubumbashi baangalie moyo yake. Nikamuuliza: atakua? Akasema, "Tumeanza leo. Ni bora kuliko mwaka ujao." Nimeshika neno hiyo kama muntu anashika kamba mu shimo.

Kisha akaniomba kitu. Ukurasa ile haikukwisha, balimufukuza katikati. Kuna matawi ingine ya familia, na ku matawi ile kuna batoto bengine, na bamama bengine benye kusugua mawese. Mwenye kujua majina yao ni nkambo tu. "Mi hatanifungulia," akasema. "Mi njo nilimutaja."

Mi pia nilimutaja, Profesa. Sikumuambia hivyo. Naandika hapa.

Nimemueleza Patrick akirudi muchana. Alikaa muda mrefu anapapasa nyuma ya miguu yake mwenyewe. Mwisho akasema, "Kumbe nilikuposa nikiwa tayari ndugu wa kwenu." Tulicheka bote babili, kisha akalia, na mi nikamushika kichwa.

Jumamosi tunaenda Nzilo, shiye batatu. Nitapiga magoti inje ya mulango yake. Sitaanza na dawa, sitaanza na kaye. Nitaanza na yale nilionaka na sikusema: kifua, bomba, kupumua mara mbili. Akitufukuza, ni haki yake, na nitarudi Jumamosi yenye kufuata. Akinipokea, nitamuonyesha miguu ya Gracia.

Sasa hivi Gracia ameacha bizibo byake. Ameniuliza: "Mama, Jumamosi tunaenda kwa nani?"

"Kwa nkambo yangu."

"Anaitwa nani?"

Tata Mukubwa anaota jua pa mbele ya nyumba yake, ku upande ingine ya lupango ya familia, kwenye mi na Patrick pia tunakaa. Zamani ningemunongoneza mutoto mu sikio.

"Feza," nikamuambia. "Anaitwa Feza."

Akalipenda. Anaruka nalo, na kisigino yake yenye kuuma, Feza, Feza, Feza, mu lupango yote. Tata Mukubwa amegeuza kichwa, ananiangalia, anangoja nimunyamazishe.

Simunyamazishi.