Fundi bomba na mrija wa binti yetu

Shoga, leo shemeji yako katuvua nguo mbele ya daktari.

Si unaujua ule mrija wa dawa kifuani mwa binti yetu? Dawa za saratani zimemmaliza kinga, tukaonywa mrija usiguswe ila na muuguzi.

Wiki iliyopita plasta ikabanduka pembeni. Sasa fundi bomba mstaafu aone kiungo kimelegea, anyamaze? Akatoa utepe wake wa kuzibia mabomba, uliolala kwenye kisanduku cha spana tangu enzi za Nuhu, akazungusha, akakaza. Na mimi nikamshikia mkasi. Mimi, mtu mzima.

Homa ikaja, ikagoma kushuka. Mtoto anatetemeka hadi kitanda kinacheza. Leo majibu ya damu yametoka, daktari akauliza nani kafunga pale.

Mwenzangu kifua mbele: "Mimi, daktari. Hapo halipiti hata tone."

"Tone halikupita, mzee. Fangasi wamepita. Wameingia kwenye damu."

Hata tone. Alisema hivyo, shoga, tena anatabasamu. Nilitamani ardhi inimeze na mkasi wangu.

Binti akadakia kitandani: "Msimlaumu baba, nilimwomba mimi." Uongo mtupu. Alikuwa usingizini.

Mrija wameutoa, dawa ya fangasi wameanza. Daktari hajatuahidi kitu.

Shemeji yako yuko kwenye sinki nje ya wodi, ananawa mikono, anarudia tena. Bomba lenyewe linavuja. Tangu anioe, ndiyo mara ya kwanza namwona kwenye bomba linalovuja na hajaligusa.